Maji Ndiyo Kalenda: Kweli na Uongo Kuhusu Safari ya Wanyama Kusini mwa Afrika

Mwambie mtu wa Tanga kwamba una safari, atakuuliza unakwenda wapi na nani atakusindikiza stendi. Mwambie mtu wa London neno hilohilo, atakuuliza unategemea kuona simba wangapi. Neno letu limezunguka dunia, likabadilika maana njiani, na leo limeandikwa kwenye milango ya kampuni za utalii kutoka Cape Town hadi Livingstone. Ila sisi wenye neno, wengi wetu hatujawahi kukaa chini tukapanga safari ya namna hiyo kwenda kusini. Fedha ni kikwazo, sikatai. Lakini kuna kikwazo kingine kisichogharimu chochote kukiondoa: maneno ya kusikia. Huyu kasema ni ghali, yule kasema hakuna jipya, mwingine kasema nenda Desemba.

Nimeyapanga hapa madai yanayorudiwa sana, kila moja na jibu lake. Ukiyasoma yote utaona kwamba mengi yanarudi kwenye jambo moja. Kusini mwa Afrika, anayepanga safari ni maji. Wanyama huyafuata, na mgeni mwenye akili naye huyafuata.

Dai: "Mwenye Serengeti na Maasai Mara hana cha kufuata kusini."
SI KWELI

Msafara wa nyumbu wetu hauna mpinzani, na fahari hiyo tuishike. Lakini kusini kuna mambo ambayo kwetu hayapo. Mto Okavango, badala ya kwenda baharini, hujimwaga ndani ya jangwa la Kalahari na kufanya bustani ya visiwa na matete. Huko mgeni huketi ndani ya mokoro, mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa upondo, akapita kimya kati ya mayungiyungi huku tembo wakivuka maji mbele yake. Katika bonde la Luangwa, Zambia, Norman Carr ndiye aliyeanzisha desturi ya kuwatembeza wageni porini kwa miguu, na mpaka leo watu huenda kule kusoma nyayo za wanyama kwa macho yao. Twiga wa Thornicroft wanaishi katika bonde hilo tu, hawapatikani porini mahali pengine popote duniani.

Namibia kuna Etosha, hifadhi yenye uwanda mweupe wa chumvi wa karibu kilomita za mraba 4,800. Kambi ya Okaukuejo imejengwa kando ya bwawa linalomulikwa taa usiku. Wageni hukaa kwenye viti, bila kusema neno, wakimngoja kifaru mweusi atoke gizani aje kunywa.

Na kuhusu misafara ya wanyama: mwaka 2014 watafiti walieleza safari ya punda milia wa Botswana wanaotoka Mto Chobe hadi Nxai Pan na kurudi, takriban kilomita 500. Botswana hiyohiyo ndiyo yenye tembo wengi kuliko nchi yoyote duniani, karibu 130,000.

Dai: "Wakati mzuri ni Desemba, watoto wakiwa likizo."
KWELI NUSU

Hili ndilo kosa linalowagharimu watu wengi fedha. Kwa hifadhi ya Kruger ya Afrika Kusini, na kwa Chobe, Hwange, Etosha na Luangwa, msimu wa kuona wanyama ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Majani yamekauka na kulala, miti imepukutisha, na madimbwi ya porini yamekwisha. Mnyama mwenye kiu hana budi kwenda mahali penye maji, na mahali hapo panajulikana. Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe haina mto unaotiririka mwaka mzima. Tangu enzi za msimamizi wake wa kwanza, Ted Davison, maji yamekuwa yakivutwa kutoka ardhini kwa pampu na kumwagwa mabwawani. Mwezi wa Septemba huna haja ya kuzunguka sana huko. Kaa kando ya bwawa moja tangu saa tisa alasiri, na pori lote litakuja kwako kwa zamu.

Desemba mambo hugeuka. Mvua imenyesha, kila shimo lina maji, na tembo aliyekuwa akitembea kilomita nyingi kutafuta kinywaji sasa hana sababu ya kutoka vichakani. Nyasi zinamfunika simba hata akiwa hatua kumi kutoka barabarani. Barabara za Luangwa hugeuka tope na kambi nyingi hufungwa mpaka mvua zipite. Isitoshe, Desemba ni likizo ya shule Afrika Kusini, na vyumba vya Kruger huchukuliwa mapema mno. Wenyeji wanaojua hukata nafasi karibu mwaka mzima kabla.

Nusu iliyo kweli ni hii. Fedha ya Botswana inaitwa pula, na pula kwa Kitswana ni mvua. Watu wa nchi kavu hawakuipa fedha yao jina hilo bure. Mvua ikigusa Kalahari ya Kati na Makgadikgadi, jangwa huota majani, na makundi ya choroa na punda milia hukusanyika, simba na duma nyuma yao. Huo ndio msimu wa kwenda huko, Desemba hadi Machi. Na kati ya Oktoba na Desemba, popo wala matunda wanaokadiriwa kufikia milioni kumi hukusanyika katika kipande kidogo cha msitu huko Kasanka, Zambia, kisha hutawanyika tena. Kwa hiyo kama huna mwezi mwingine ila Desemba, badilisha mahali.

Kumbuka pia kwamba likizo ya Juni ya shule za Tanzania na ya Agosti ya shule za Kenya zote huangukia katikati ya kiangazi cha kusini. Mzazi anayengoja Desemba anaruka fursa iliyoko mlangoni.

Dai: "Okavango hufurika mvua zinaponyesha Botswana."
SI KWELI

Hapa maji yenyewe yanawashangaza watu. Mvua inayoijaza Okavango haianguki Botswana. Huanguka kwenye nyanda za juu za Angola, hasa kati ya Desemba na Machi, ikaingia mito ya Cubango na Cuito, kisha ikaanza safari ndefu kuelekea kusini. Ardhi ya Okavango imelala karibu kama meza, hivyo maji hutambaa. Yanapofika na kutanda sehemu kubwa ya delta, ni Juni, Julai hadi Agosti, wakati ambapo Botswana haijaona tone la mvua kwa miezi. Mafuriko huja kiangazi. Ndiyo maana wanyama hujaa pale: karibu nchi nzima imekauka, na hapo kuna mto uliochelewa. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika Okavango kuwa eneo la 1,000 katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa mpangaji maana yake ni wazi. Ukitaka mtumbwi, nenda Juni hadi Septemba. Ukienda Novemba, baadhi ya mifereji itakuwa imebaki mchanga.

Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, yana saa yake nyingine. Yana upana wa mita 1,708 na urefu wa mita 108. Aprili na Mei maji huwa mengi kiasi kwamba ukungu hufunika kila kitu na utatoka umelowa chapachapa. Oktoba na Novemba upande wa Zambia huweza kubaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa, na upande wa Zimbabwe ndio wenye maji. Juni hadi Agosti ni wastani mwema, na huo pia ni wakati wa Okavango na Chobe. Ndiyo sababu wengi huviunganisha vitu hivyo vitatu katika safari moja.

Dai: "Hiyo ni safari ya matajiri."
INATEGEMEA NCHI

Botswana imechagua kwa makusudi kuwa na wageni wachache wanaolipa fedha nyingi. Kambi za ndani ya Okavango, zile zinazofikiwa kwa ndege ndogo, usiku mmoja unaweza kumeza mshahara wa miezi. Hilo ni kweli, tusidanganyane.

Lakini Kruger na Etosha ni habari nyingine. Humo kuna kambi za serikali zenye sehemu ya kupiga hema, vyumba vya kawaida, jiko la kupikia, duka na pampu ya mafuta. Familia inayojipikia ugali wake na kuendesha gari lake hulipa kiasi kinachoweza kuwekewa akiba. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: katika hifadhi za taifa za Afrika Kusini na Namibia, viingilio vina ngazi tatu, ya raia, ya wageni kutoka nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na ya wageni wengine. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama wa SADC. Mtanzania au Mkongomani asipoonyesha pasi yake langoni anaweza kulipishwa kama mtu aliyetoka Ulaya. Ndugu zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawamo katika kundi hilo, basi wapange bajeti yao kwa bei ya juu.

Fedha nayo ina mtego mdogo. Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi, na randi hupokelewa Namibia bila shida. Kinyume chake si hivyo. Maliza dola zako za Namibia kabla hujavuka mpaka.

Dai: "Lazima uwe na dereva na mwongoza watalii."
SI KWELI kwa Kruger na Etosha, KARIBU KWELI kwa Okavango

Kruger ina karibu kilomita za mraba 20,000, na barabara zake kuu zina lami. Gari dogo la kawaida linatosha. Sheria ni chache na hazina mchezo: kilomita 50 kwa saa kwenye lami, 40 kwenye changarawe, usishuke garini isipokuwa palipoandikwa, na uwe ndani ya kambi kabla lango halijafungwa. Saa za malango hubadilika kufuatana na miezi, hivyo usizikariri za mwaka jana. Usiwe na haraka. Anayekimbia kutafuta simba humpita chui aliyelala juu ya tawi.

Moremi, hifadhi iliyo ndani ya Okavango, na sehemu kubwa ya Chobe ni mchanga mzito na vivuko vya maji. Huko linahitajika gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, na dereva aliyewahi kulitoa gari mchangani. Kambi nyingi za huko hazina uzio. Fisi na tembo hupita kati ya mahema usiku, na aliyezoea kambi zenye ua wa Kruger asidhani kwamba ni kitu kimoja. Jua likizama, kaa ndani.

Nchi zote za huko huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi ajipe siku ya kuzoea kabla hajaingia barabara kuu. Na Namibia, barabara za changarawe zilizonyooka hukushawishi kukanyaga mafuta, kisha kona moja inakupindua. Punguza mwendo, na usiendeshe usiku.

Dai: "Sisi ni Waafrika, pasi inatosha."
SI KWELI

Mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Tangu Januari 2023, Mkenya huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Lakini safari moja ya kusini huweza kuvuka mipaka mitatu, na kila nchi ina orodha yake. Uliza ubalozi wa kila nchi, kwa pasi ya kila mtu katika familia, hasa kama mmoja ana pasi ya Kongo na mwingine ya Ulaya.

Kinachowakwamisha wengi uwanja wa ndege ni kadi ya njano. Afrika Kusini humdai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kila anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo. Aliyekaa kwenye uwanja wa ndege wa nchi hizo kwa zaidi ya saa 12 akisubiri kuunganisha huhesabiwa pia. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hivyo kitunze pamoja na pasi. Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa, na barua ya mzazi asiyesafiri.

Jambo la mwisho la mpakani ni nyama. Botswana na Namibia zina uzio mrefu wa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Ukitoka kaskazini kwenda kusini na nyama mbichi kwenye boksi la barafu, itachukuliwa. Nunua nyama baada ya kuvuka uzio.

Dai: "Nimekulia kwenye malaria, haiwezi kunifanya kitu."
SI KWELI, na ni hatari

Kinga anayoipata mtu kwa kuumwa malaria mara nyingi si kamili, na hupungua anapokaa mbali na ugonjwa. Aliyeishi miaka Nairobi, Muscat au Toronto amekwisha kuwa mgeni mbele ya malaria, hata kama alizaliwa Kisumu au Mwanza. Watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Kruger, Okavango, Chobe, Hwange na Luangwa zote zina malaria, hasa kipindi cha mvua. Muone daktari mapema kuhusu vidonge vya kinga, lala ndani ya neti, na ukipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, pimwa siku hiyohiyo na umweleze daktari ulikokuwa.

Mwenye mtoto mchanga hana haja ya kukata tamaa. Madikwe, Pilanesberg na Addo nchini Afrika Kusini hazina malaria. Addo ilianzishwa 1931 wakati tembo wa eneo hilo walikuwa wamebaki 11. Leo wamepita 600. Kwangu mimi, mtoto anayeona jambo hilo amejifunza zaidi ya majina ya wanyama.

Dai: "Afrika ni joto, nguo nyepesi zinatosha."
SI KWELI

Wale wa pwani wanakijua kipupwe. Kipupwe cha Kalahari hakina upole wa bahari: asubuhi za Juni na Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi sifuri, nawe uko kwenye gari la wazi linalokata upepo. Beba sweta zito, kofia na glavu, na uzivue saa nne. Nguo za mabaka ya kijeshi acha nyumbani. Zimbabwe na Zambia raia kuzivaa ni kosa. Nyeusi na buluu iliyokolea huvutia mbung'o, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kama utapanda ndege ndogo, tumia begi laini lisilozidi kilo 20, maana sanduku gumu halitaingia.

Dai: "Ukilipia kumbeba mtoto wa simba, unasaidia uhifadhi."
SI KWELI

Dai hili linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu wanaoliamini ni watu wenye huruma. Afrika Kusini ina mashamba ambako simba huzalishwa ndani ya uzio. Watoto huondolewa kwa mama zao mapema ili wageni wawanyonyeshe chupa na kupiga nao picha. Simba aliyelelewa mikononi mwa watu hawezi kurudishwa porini: hana kundi, na hamwogopi binadamu. Akikua, picha hazifai tena, na wengi huishia kuwindwa ndani ya uzio au mifupa yao kuuzwa. Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2021 nia ya kuikomesha biashara hiyo, na mwaka 2024 baraza la mawaziri likapitisha sera ya kuelekea huko. Usingoje sheria ikukataze. Mahali popote panapokuruhusu kumshika, kumbeba au kutembea na simba, geuza gari.

Dai: "Bila kuona Watano Wakubwa, fedha zimepotea."
SI KWELI

Simba, chui, tembo, kifaru na nyati walipewa jina hilo na wawindaji, kwa sababu hao ndio waliokuwa wa hatari zaidi kuwindwa kwa miguu. Ni orodha ya bunduki. Uzuri haukuulizwa. Leo sura zao ziko kwenye noti za randi, na mgeni huhisi lazima azikusanye kama noti zenyewe. Mbwa mwitu wakicheza alfajiri hawamo kwenye orodha hiyo, wala tandala dume mwenye pembe zilizojisokota, wala tai mvuvi wa Chobe. Waone na hao.

Dai: "Huko Kiswahili hakifiki."
SI KWELI

Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, SADC ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Lakini kilikuwa kimekwisha kufika kabla ya marais. Kaskazini kabisa mwa Kruger kuna kambi ndogo ya nyumba nyeupe zenye paa za nyasi, inayoitwa Punda Maria. Inasimuliwa kwamba askari wa wanyamapori wa kwanza wa eneo hilo, J. J. Coetser, aliyepangwa huko 1919, alikuwa amelisikia Afrika Mashariki neno punda milia. Mkewe aliitwa Maria, na alipenda magauni ya mistari. Mume akayaunganisha majina mawili, na jina likabaki.

Chagua mwezi. Uliza maji yako wapi mwezi huo. Kata nafasi mapema, beba kadi ya njano na sweta. Neno letu lilifika Punda Maria zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado liko pale langoni, likiwangoja wenyewe.